Eneo Hili Haliuzwi

Kijana aliyekuja Jumamosi alikuwa na adabu. Aliegesha bodaboda nje ya ua wa michongoma, akavua helmeti, akanipa shikamoo yangu kabla sijamuuliza ni nani.

"Marahaba. Karibu."

"Mama, hili eneo lina mgogoro?"

"Halina mgogoro. Lina wenyewe."

Akacheka, nami nikacheka. Alikuwa wa tatu mwezi huo. Madalali wa Goba wananijua na wengi wamekwisha nichoka. Huyu alikuwa mgeni, katumwa na mtu anayetafuta pa kujenga nyumba za kupangisha. Maneno tuliyoandika kwa rangi nyekundu kwenye ukuta wa stoo, ENEO HILI HALIUZWI, alikuwa ameyasoma. Lakini Dar es Salaam maneno hayo yamejaa kutani, na dalali mzoefu anajua kwamba mara nyingi maana yake ni kuwa ndani kuna ndugu wawili hawaelewani, na mmoja ameandika ili mwenzake asije akauza kwa siri. Kwa hiyo badala ya kumfukuza, maandishi humwita. Kwetu hali haiko hivyo. Au niseme haiko hivyo kwa sasa.

Mimi ni mwalimu mstaafu wa shule ya msingi. Nilifundisha hesabu miaka thelathini na minne, na sasa nalima mchicha, matembele, bamia na nyanya chungu katika ekari mbili na ushei zilizobaki za shamba la baba. Upande mmoja tumepakana na ghorofa la mfanyakazi wa benki. Upande wa pili kuna shule ya chekechea yenye basi la njano, na nyuma kuna pagala ambalo limefika kwenye linta likasimama, sasa limeota mpapai sebuleni. Mbele ni barabara, na kutoka hapo hadi lami ni mwendo wa dakika tano. Usiku taa za majirani zinamulika matuta yangu hadi naweza kuhesabu bamia bila tochi.

Baba alikuwa Mzaramo wa Kisarawe, mfanyakazi wa kiwanda cha nguo cha Urafiki pale Ubungo. Katikati ya miaka ya sabini, ukame ulipobana na chakula kikawa haba, serikali ilitangaza Kilimo cha Kufa na Kupona, na wafanyakazi wa mjini wakahimizwa kushika jembe. Baba akaja Goba, iliyokuwa kijiji cha mikorosho na minazi, akapata ekari sita. Alikuwa akitoka zamu anapanda baiskeli, anafika jua likiwa limeinama, analima hadi asione jembe. Sensa ya 1978 ilikuta mkoa mzima wa Dar es Salaam una watu 843,090. Ya 2022 ilikuta 5,383,728. Katikati ya tarakimu hizo mbili ndipo shamba letu lilipopita, likaingia na ekari sita likatoka na mbili. Hata wilaya ilibadilika tukiwa tumekaa palepale, tulilala Kinondoni tukaamka Ubungo.

Watu wakinitembelea husema mji umewameza. Sikubali. Hakuna aliyekuja usiku kulimega shamba letu. Tuliuza wenyewe, kipande baada ya kipande, na kila kipande kiliuzwa kwa sababu nzuri. Nikikutembeza mpakani nitakuonyesha sababu hizo moja moja, kwa kuwa sasa zina mageti.

Pale penye geti la bluu palikuwa ekari nzima. Baba aliiuza mwaka 1988 akaezeka nyumba yetu kwa mabati, maana makuti yalikuwa yanavuja na sisi watoto tulikuwa tukihamisha vitanda kila masika. Mvua ikinyesha mpaka leo tunaisikia ekari ile juu ya vichwa vyetu. Mnunuzi hakuulizia ukubwa wa ardhi hata kidogo. Alihesabu minazi na mikorosho, wakapatana bei ya miti. Ndivyo ilivyokuwa. Ardhi tupu ilihesabika haina thamani. Chenye thamani kilikuwa jasho lililofukiwa ndani yake, yaani mazao na majengo. Hata serikali ikitwaa eneo, fidia ilikwenda kwa mnazi, si kwa udongo ulioubeba. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, iliyoanza kutumika Mei 2001, ndiyo iliyotamka kwamba haki ya mtu katika ardhi ina thamani yake na lazima thamani hiyo izingatiwe anapohamishwa. Ardhi yenyewe imebaki mali ya umma chini ya Rais kama mdhamini, lakini anayeikalia hakai bure.

Mwaka uliofuata ukaja mradi wa viwanja 20,000. Wizara ya Ardhi ilipima maeneo ya pembezoni, Bunju, Mbweni, Kibada, Toangoma, Buyuni, na huku jirani yetu Mivumoni, mashamba yakageuka mistari iliyonyooka yenye bikoni. Kijiji kizima kilijifunza neno jipya. Tulikuwa tukisema shamba, eneo, pori. Tukaanza kusema kiwanja. Neno hilo likiingia mahali, jembe linaanza kuonekana kama mzaha.

Ile nyumba yenye mnara wa tangi la maji ni nusu ekari ya kaka yangu mkubwa, aliyegongwa na lori akakaa hospitali miezi minne. Hii ya jirani yake, nusu nyingine, ni ya Hija. Baba alikwenda Maka akiwa na miaka sabini, akarudi na tende na maji ya Zamzam, akaishi miaka mitatu zaidi. Nani atasema hakupaswa?

Alipofariki mwaka 2009 ziliachwa ekari nne, mjane mmoja, wanaume watatu na wanawake wawili. Sheikh alikuja na karatasi yake, nami nikakaa pembeni na yangu, kwa mazoea ya kazi. Mama thumuni, nusu ekari. Zilizobaki tatu na nusu zikagawanywa mafungu manane, mwanamume mawili, mwanamke moja. Kila kaka akapata ekari moja kasoro thumuni, mimi na mdogo wangu wa kike kila mmoja akapata pungufu kidogo ya nusu. Hesabu zikatoka sawa mpaka hatua ya mwisho, na hakuna aliyenung'unika.

Nakumbuka nilijisikia vizuri kwa jinsi tulivyogawana kwa amani. Miaka mingi baadaye ndipo nilipoelewa kwamba siku ile ndiyo shamba lilipokufa mara ya kwanza. Ekari nne zenye kisima kimoja, njia moja na mteremko mmoja wa maji ni shamba. Vipande sita vyenye wenyewe sita ni viwanja vinavyosubiri mteja. Kipande cha kaka mkubwa hakikuwa na kisima. Cha wa pili hakikuwa na njia. Wangelima vipi? Mkubwa akauza akanunua Hiace, ikafanya kazi ya daladala mwaka mmoja na nusu, kisha ikalala kwa fundi na haijaamka. Wa pili aliuza akajenga Chanika, ana nyumba nzuri na hana deni la mtu. Simlaumu. Mkubwa ninamlaumu kidogo, naye anajua.

Hapa niseme jambo litakalowahusu wasomaji wengi. Familia nyingi za pembezoni mwa jiji hazigawani kabisa. Baba anafariki, kikao cha ukoo kinamteua kaka kuwa msimamizi wa mirathi, mahakama ya mwanzo inamthibitisha, kisha mambo yanalala hapo miaka kumi. Msimamizi si mrithi wa vyote. Kazi yake ni kukusanya mali, kulipa madeni, kugawa kwa wanaohusika na kurudisha hesabu mahakamani. Lakini mwenye barua ya mahakama mkononi ndiye dalali anayemtafuta, na wapo waliouziwa shamba wakiwa wamelala ndani yake. Kwa hiyo kugawana kunaua shamba taratibu na kutogawana kunaweza kuliua kwa siku moja. Sisi tulitafuta njia ya tatu baada ya kuwa tumekwisha poteza vipande viwili.

Mwaka 2014 tulikaa waliobaki, mama, mimi, mdogo wangu wa kike na wa mwisho wa kiume, ambaye yuko Mwanza. Tukaandika ukurasa mmoja. Kila mmoja ana fungu lake, lakini linalimwa pamoja. Anayetaka kuuza awauzie wenzake kwanza, kwa bei tutakayokubaliana, nao walipe kwa awamu. Akikosa mnunuzi ndani ya miezi sita ndipo atoke nje. Kisima na njia si vya mtu. Tukasaini, mama akaweka dole gumba, mwenyekiti wa serikali ya mtaa na majirani wawili wakashuhudia. Mdogo wangu wa kike aliniuliza kama karatasi ile ina nguvu. Nikamjibu kwamba kazi yake ya kwanza ni kumlazimisha anayetaka kuuza apige simu tatu kabla ya kumpigia dalali. Tangu hapo tumeuza mara moja tu, kona ya mita ishirini kwa ishirini, mama alipoanguka bafuni akavunjika nyonga. Tulipiga simu zote tatu na hakuna aliyekuwa na pesa.

Sasa nije kwenye mchicha, maana ndio unaotulipia kodi ya kuwa wakaidi.

Saa kumi na moja alfajiri wateja wangu wako mlangoni, akina mama wanne wenye mabeseni na makanga ya kufungia mzigo. Hawanunui kwa kilo wala kwa fungu. Wananunua tuta zima, kisha wanang'oa wenyewe, wanafunga, wanapeleka sokoni na mitaani. Tuta langu ni upana wa hatua moja na urefu wa hatua nane. Mama anaingia kati ya matuta kwa miguu mitupu, anainama, anafumbata majani kama anayepima kitambaa dukani, anageuza jani moja kutazama kama kuna vidukari.

"Hili bado, Mwalimu. Nitauza nini, nywele?"

"Lina siku ishirini na nne."

"Siku unazihesabu wewe. Mimi nahesabu majani."

Tunabishana, anashusha elfu mbili, ninapandisha moja, jua linachomoza tumemaliza. Yule mkubwa wao ninamdai tangu Ramadhani, lakini ndiye anayekuja hata siku ya mvua, na mchicha usiponunuliwa ukiwa tayari, kesho una maua na keshokutwa ni chakula cha kuku.

Tuta lenyewe halina siri. Samadi ya kuku naichukua kwa mfugaji wa mtaa wa pili, naiacha ilale miezi miwili kwa sababu mbichi huunguza miche. Mbegu ya mchicha ni ndogo kuliko ufuta, ukiirusha peke yake inaanguka kwa mafungu, kwa hiyo naichanganya na mchanga mkavu. Nafunika kwa nyasi, namwagilia asubuhi na jioni, siku ya nne au ya tano udongo unaanza kuwa na rangi. Baada ya wiki tatu au nne unang'olewa, na tuta linageuzwa upya siku hiyohiyo.

Kinachoufanya mchicha uweze kuishi katikati ya maghorofa ni udhaifu wake. Kabichi ya Lushoto inapanda lori. Nyanya ya Ilula inapanda lori, viazi vya Njombe vinapanda lori na kufika vikiwa na afya kuliko dereva. Mchicha ukiung'oa alfajiri, saa nane mchana umelala. Lazima uoteshwe karibu na sufuria. Ndiyo maana jiji hili tangu zamani linalishwa mboga za majani na mabonde yake lenyewe, na ndiyo maana kila ghorofa linalojengwa hapa linaniondolea shamba la jirani na kuniletea majiko sita mapya. Serikali nayo imewahi kukitambua kilimo cha mjini. Kanuni za kilimo cha mijini za mwaka 1992 zilimruhusu mkazi kulima hadi ekari tatu, na kufuga ng'ombe wasiozidi wanne ndani ya banda.

Lakini nisimdanganye mtu. Nilifundisha hesabu, siwezi kuficha hesabu. Mwezi mzuri ninauza kama matuta arobaini, elfu kumi na mbili kila moja. Hiyo ni laki nne na themanini. Toa samadi, mbegu, umeme wa pampu na kijana anayenisaidia, inabaki laki tatu. Yule dalali wa Jumamosi alitaja milioni thelathini kwa kona moja tu ya ishirini kwa ishirini. Kuzifikia nahitaji miezi mia ya mchicha, miaka minane na miezi minne, mvua zote zikiwa na nidhamu. Anayesema kilimo cha mjini kinashindana na bei ya kiwanja hajawahi kushika kalamu. Hakishindani. Kinachofanya ni kuwapa wenye shamba fedha ndogo za kila wiki, na fedha ndogo za kila wiki ndizo zinazozuia shida ndogo isikue ikafika ukubwa wa kiwanja.

Mvua hazina nidhamu. El Nino ya mwishoni mwa 2023 na masika yaliyofuata yalinionyesha kwamba shamba katikati ya nyumba hupokea mvua yake na ya jirani. Paa la ghorofa la yule mfanyakazi wa benki lina kama mita za mraba mia tatu. Ikinyesha milimita hamsini, hizo ni lita 15,000, na zamani zingezama kwenye mchanga wa baba mahali palepale zilipoangukia. Sasa zinakusanywa na mabomba mawili mazuri ya plastiki na kutemwa kwa pamoja chini ya ukuta, kwangu. Asubuhi moja nilikuta korongo la kunifika magotini limepita katikati ya matuta kumi na moja, mbegu ziko kwa yule mwenye pagala.

Nilimfuata jirani jioni. Nilikuwa nimejiandaa kugombana, nimevaa hata kitenge cha heshima.

"Jirani, maji yako yananitembelea."

"Mama, kweli? Mbona hujaniambia?"

Hakuwahi kuchungulia upande wa pili wa ukuta wake tangu aujenge. Tulipanda juu kibarazani kwake tukatazama wote wawili, akashika kiuno. Baada ya wiki mbili alileta tangi la lita elfu kumi, maji yanayofurika akayaelekeza kwenye mtaro wa barabara. Mimi nikapanda mabingobingo na mchaichai kukata mteremko, mistari minne. Mabingobingo anachukua mwenye ng'ombe, mchaichai nauza. Nilikosea kukaa kimya misimu miwili ya mvua nikimnunia mtu asiyejua kosa lake. Kisima ndicho sijakipatia dawa. Mashimo ya vyoo yametuzunguka pande zote, kwa hiyo maji yake yanamwagilia udongo tu, na mboga tunaisuuza kwa maji ya bomba.

Kisha wakaja wapimaji wa urasimishaji wa makazi. Mtaa ulikubaliana, kila kaya ikachanga, vijana wakapita na mitambo yao ya miguu mitatu. Barabara ilitakiwa ipanuliwe, tukatoa mita tatu urefu wote wa mbele, ukaenda mstari wa minanasi wa mama. Hatukulalamika, gari la wagonjwa lazima lipite. Nilipoitwa kuiona michoro ofisi ya mtaa nilitafuta shamba letu kwa kidole, sikuliona. Palikuwa na viwanja saba vyenye namba, vyote vimeandikwa makazi.

"Shamba liko wapi?" nikamuuliza kijana wa ramani.

"Mama, hapa ni mjini. Shamba halina rangi kwenye huu mchoro."

Nilirudi nyumbani nimekasirika. Mdogo wangu wa kike ndiye aliyenituliza. Yeye ni karani, anazijua karatasi. Akasema viwanja saba vyenye majina yetu ni ngao kuliko shamba moja lenye jina la marehemu. Mtu akitaka kutwaa, atakuta wenye haki waliosajiliwa. Ana hoja. Lakini hati ya makazi ina sharti la kujenga ndani ya muda uliowekwa, na ina kodi ya ardhi ya kila mwaka, na mchicha si jengo. Tumekubaliana kiwanja cha kwanza ajenge mdogo wangu vyumba vitatu, banda la kuku lisogee cha pili, na vilivyobaki vitamwagiliwa hadi mtu aje atuulize. Kwenye ramani tuna viwanja saba. Kwenye udongo kuna matuta sitini na mbili, niliyahesabu jana.

Niliyahesabu kwa sababu wa Mwanza alipiga simu. Mwanawe amepata chuo, udahili umetoka, ada haijulikani itatoka wapi, mkopo wamempa nusu. Alizunguka kidogo, akanisalimia mara mbili, akauliza hali ya mama, kisha akafika.

"Dada, kipande changu kwa sasa kinaweza kufika ngapi?"

Nilimtajia bei ya kweli. Ni haki yake, na hiyo ndiyo simu ya kwanza kati ya zile tatu. Kisha nikamwambia anipe hadi Ijumaa. Nikamwita yule mama mkubwa wa beseni, nikamwambia deni la Ramadhani anilipe nusu, na mwezi ujao wote nitamuuzia matuta kumi akilipa sasa. Alinuna, akahesabu majani, akatoa. Mdogo wangu akaongeza mshahara wake kidogo, mama akafungua kile kifurushi cha kwenye sanduku ambacho huwa anasema ni cha sanda. Ikatimia awamu ya kwanza ya ada. Ya pili ni Machi.

Nilimpigia wa Mwanza usiku nikamwambia pesa zimekwenda. Alikaa kimya hadi nikadhani mtandao umekata. Kisha akauliza kama dodo la baba limezaa mwaka huu.

"Limezaa," nikamwambia, "lakini popo wametangulia."